Kwa Milimita: Dirisha la Chumba cha Treni Tumeling'oa

Mwaka umetimia tangu ulipotutoka, mpendwa wetu, na chumba chako cha treni kina mtu ndani. Tungependa kukuambia kwamba nyumba imetulia. Haijatulia, na mkeo amesema wazi kwamba kumbukumbu ya uongo hataitia jina lake.

Kwa wasomaji ambao hawakukujua: ulikuwa fundi wa lifti. Ulishinda ndani ya mashimo ya majengo marefu, grisi hadi viwikoni, na jioni ukarudi kwenye treni zako ndogo. "Kutwa nzima vitu vya kupanda na kushuka," ulikuwa ukisema, "na mimi nataka kuona kitu kinachokwenda mbele." Mkeo alikujibu kwamba hizo treni zako zinazunguka meza na kurudi pale pale, ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Ulikuwa mwepesi wa kusaidia. Lifti ikikwama kwenye jengo wanalokaa wazee, hukungoja kutumwa na bosi. Ulibeba kwanza mizigo yao kwa ngazi, ukawapelekea hadi mlangoni, ndipo ukashuka kufungua kisanduku cha nyaya. Wapo bibi ambao mpaka leo wakibonyeza kitufe wanakutaja.

Katika klabu yenu ya treni ndogo kila mwanachama hujenga nyumbani kipande chake cha reli juu ya fremu ya mbao: huyu stesheni, yule kilima, mwingine mashamba. Siku ya maonyesho vipande hubebwa hadi ukumbini, vikaungwa kwa bolti, na treni ikapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kama vile reli imelazwa na mtu mmoja. Ndiyo maana ncha ya kila kipande lazima ilingane na ya jirani yake. Wewe ulikuwa unatambaa chini ya meza na pimamaji, shati limechomoka, hukubali kosa hata la unene wa ukucha, wakakubandika jina la Milimita. Na ni Milimita huyo huyo aliyejenga kipande chake cha kwanza kikubwa kuliko mlango wa chumba! Ilibidi mlango uvuliwe bawaba. Mkeo alikisimulia kisa hicho kwenye kila sherehe, mwisho ukawa unamwahi kukisimulia mwenyewe.

Chumba chenyewe ni kile kidogo nyuma ya jiko. Humo ulikata vilima vya foamu kwa waya wa moto, ukasugua plasta kwa msasa, ukapuliza rangi, ukamwaga vanishi nzito tabaka juu ya tabaka mpaka ikafanana na maji ya mto. Nyasi zako zilikuwa unga wa kijani, laini mno. Upepo ukipita zinaruka, na vumbi likitua kwenye vanishi mbichi mto unaota vipele. Basi ukafunga dirisha, ukaziba kingo zake kwa utepe wa gundi, na chini ya mlango ukasukuma taulo.

"Baba watoto, fungua dirisha upate hewa," mkeo alikuwa akigonga.

"Nikifungua, shamba langu lote litahamia kwa jirani!"

Tukacheka sote. Kikohozi kilipoanza ulisema ni vumbi tu, na hatukuona sababu ya kubishana na mtu mwenye furaha. Daktari alikuuliza unavuta hewa gani kazini, ukamweleza habari za mashimo na grisi kwa ufasaha wako wote. Alipouliza nyumbani unafanya nini, ulisema, "Nachezea treni tu, daktari." Alitabasamu, akaandika dawa ya kikohozi. Ulipokubali kulazwa, mapafu yalikuwa yameshachakaa. Daktari wa wodini ndiye aliyetuuliza juu ya chumba, na wakati huo ulikuwa huwezi tena kuongea.

Kwenye maonyesho ya kwanza bila wewe, wenzako waliweka ubao mtupu mahali pako, reli juu yake na hakuna kingine, ili treni zipate pa kupita. Binti yako wa kwanza, yule wa duka la miwani, alisimama mbele ya ubao ule mpaka walinzi wakaanza kuzima taa. Aliporudi nyumbani aliomba ufunguo wa chumba. Kipande chako cha mwisho, kile cha daraja, ulikiacha nusu. Alisema atakimaliza kwa ajili ya maonyesho ya mwaka huu.

Tusimsingizie mkeo, alifurahi. Msasa ukasikika tena nyuma ya jiko na nyumba ikapata uhai. Mwenyekiti wa klabu alikuja kukiona kipande, akainama, akapima ncha zote mbili, akavua miwani na kujifuta macho. "Mama, huyu kweli amefuata nyayo za baba yake," alisema. Mkeo alikuwa ameshika sinia la chai, akalirudisha jikoni. Nyayo zako tunajua zilikokwenda.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alipita mlangoni akakuta taulo limesukumwa chini, na hakuna aliyemfundisha binti yako kufanya hivyo. Harufu ya vanishi ikahamia kwenye nywele zake, kwenye foronya yake, mpaka kwenye mkate tuliokula asubuhi. Mkeo alimnunulia ile barakoa ya mafundi wa rangi. Aliikuta imetundikwa msumarini, bado ndani ya mfuko wake.

Kisha Jumapili moja mchana, akiwa anaosha vyombo, alisikia kikohozi ukutani. Kikavu, kinakuja mara mbili mbili, kisha kimya. Alifunga bomba. Alitueleza baadaye kwamba kwanza alifurahi, akajua umerudi na uko kazini. Halafu akakumbuka ni nani yumo chumbani, akaenda kugonga mlango.

"Fungua dirisha, mwanangu."

"Mama, mto bado mbichi. Vumbi likiingia nimeumia."

"Umeanza lini kukohoa?"

"Ni vumbi tu, Mama. Acha woga."

Ni maneno yako, na amekuiga hata ile sauti ya kumtuliza mtu anayekusumbua. Hata kufungua mlango hakufungua. Mkeo alibaki pale na mikono yake yenye povu, akiongea na mbao.

Hakumgombeza. Kesho yake, binti yako alipokwenda kazini, alimpigia simu mdogo wako, yule fundi wa madirisha ya alumini. Alikuja na bisibisi na nyundo, akasimama katikati ya chumba akitazama zana zako, akasita.

"Shemeji, hapa ni pa marehemu. Kila kitu kiko kama alivyokiacha."

"Ndicho kinachonitisha. Ng'oa."

Aling'oa lote, vioo na fremu, likabaki tundu ukutani. Upepo uliingia bila kubisha hodi. Unga wa kijani ulijaa sebuleni, juu ya kabati, ndani ya bakuli la sukari, na mpaka leo tunaufagia. Mto wako, ule uliokuwa uking'aa mpaka mtu akatamani kuchovya kidole, ulimeza vumbi la mtaa mzima.

Binti yako alirudi jioni. Alisimama mlangoni bila kuvua mkoba. "Mmemuua Baba mara ya pili," alisema.

"Afadhali yeye afe mara mbili," mkeo alimjibu, "kuliko wewe kufa mara moja."

Hatujawahi kumsikia akikutaja hivyo, na tunajua ilimuuma. Aliingia chumbani kwake akalia mpaka sauti ikakauka. Usimchukie kwa neno hilo. Anakupenda bado, shati lako la kazi hajalifua.

Binti yako alinuna, akaapa kutosema na mama yake, akawa anakula peke yake, lakini mwisho alikubali kupelekwa hospitali, nadhiri yake ikiwa pale pale. Safari hii mkeo hakungoja kuulizwa. Alimweleza daktari yote: waya wa moto, plasta, rangi, vanishi, utepe, taulo. Daktari aliacha kuandika akawa anasikiliza. Picha ya kifua ilipotoka aliitazama, akaisogeza karibu na mwanga, akaitazama tena. Hakutabasamu. Alitoka nayo, akarudi na daktari mwenzake, wakaongea kwa sauti ya chini wametupa mgongo. Wakasema vinahitajika vipimo zaidi.

Majibu hayajatoka. Anakohoa bado, sasa anajitahidi kukohoa taratibu ili tusisikie, na tunasikia. Kipande cha daraja kitakwenda kwenye maonyesho kama kilivyo, kimekaa sawa ncha zote mbili, vumbi likiwa limegandia mtoni. Mwenyekiti ametuhakikishia kwamba treni itapita.

Sasa tunalo ombi, na ndilo lililotufanya tukuandikie mwaka huu. Tunajua ulivyompenda mtoto huyu. Tunajua ulivyozoea kumwita, "Njoo unishikie hapa," naye anaacha kila kitu anakuja. Huko uliko pengine unajenga, na pengine unahitaji mtu wa kukushikia. Tafadhali, baba, shika mwenyewe. Akikufikiria, mfikirie nawe. Akikulilia, nyamaza. Usimwite. Hata kwa ndoto usimwite, kwa sababu wewe ukiita, yeye haulizi ni wapi.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye amehamishia kitanda chake karibu na mlango wa binti yenu. Na wanao wote wanne, akiwemo wa kwanza, ambaye bado tunaye. Na mdogo wako na familia yake. Na mama mkwe wako, ambaye hajaambiwa habari za vipimo, hivyo akisomewa tangazo hili tunaomba sehemu hiyo irukwe. Na wanachama wote wa klabu. Na wazee wa ghorofa za juu.

Kukukumbuka tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Yeye tuachie.