Mtaro Mbele ya Geti Letu

Lanet, Nakuru

Trizah mwanangu,

Sisi hatujambo, ila barabara yetu imechimbwa kama shamba la viazi. Kampuni moja ilizika waya zake za intaneti, ikafukia. Wiki iliyofuata nyingine ikachimba papo hapo, ikakata waya za wenzao na bomba letu la maji. Majirani wanaruka mitaro wakienda kanisani, wanacheka.

Nakuandikia barua kwa sababu tukipigiana simu, baba yako huwa kando yangu.

Siku ya Jumanne alitumbukia mtaroni mchana kweupe. Wachimbaji walimtoa wakimuuliza, "Mzee, kwani hukuona utepe?" Akachechemea hadi ndani.

Nikimkanda mguu, nami nikamuuliza.

"Naona mwangaza," akasema. "Nyuso ndizo zinapotea, Truphosa. Usimwambie mtoto, ataacha kazi huko Doha."

Nilimpeleka hospitali. Ni presha ya macho. Daktari anasema dawa italinda kilichobaki, lakini kilichoenda hakirudi.

Sikuambii uache kazi, mama. Omba likizo ya Desemba, uje uketi naye pale dirishani, akutazame mpaka atosheke.

Ni mimi mama yako, nakupenda sana,
Truphosa