Binti Aliyeinuka Kwenye Benchi

2 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umelala, na uvimbe wa miguu umepungua. Sisi huku wazima, ila mimi na Mama hatusemezani tangu jana, na nyumba ya vyumba viwili si mahali pa kununiana. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Matokeo yametoka. Nimefaulu, Bibi! Chuo kikuu kinataka Biolojia na Kemia kwa alama za juu: ninazo. Hisabati na Kiingereza: ninazo. Chanjo ya homa ya ini: mkono bado unauma. Usaili ni mwezi ujao. Kilichobaki ni barua ya muuguzi anayenijua, yaani wewe, na sahihi ya mzazi, maana sijafikisha umri wa kujisainia.

Nikampelekea Mama fomu pale kwenye cherehani. Akaendelea kushona. Nikamwambia, "Mama, ni hapa tu, mstari mmoja." Akasema, "Kasomee chochote. Kasomee udaktari wa ng'ombe. Lakini uuguzi, sahihi yangu huipati."

Nilipandwa na hasira, nikasema neno baya: kwamba ananionea wivu kwa kuwa yeye alipoomba uuguzi aliangushwa na Kemia. Hakunipiga. Alitoa pini mdomoni moja moja, akaniangalia. "Kemia? Na hiyo yako nani kakufundisha?"

Kweli, Bibi, ni yeye. Miaka miwili amenisahihishia milinganyo huku anapinda sketi za shule, wala hakuwahi kufungua kitabu. Mtu wa namna hiyo alishindwaje? Nilipomuuliza alijibu, "Muulize bibi yako."

Basi nakuuliza. Na tafadhali mwandikie asaini. Wewe ni mama yake mkubwa, umefundisha wauguzi maisha yako yote, wewe hawezi kukukatalia. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi.

Mjukuu wako,
Kasuku


8 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba, na hongera sana. Mimi niko hapa, mtu na mito yake: mitatu mgongoni, maana nikilala chali pumzi inakataa. Masikio nayo yamefunga duka, ndiyo maana nashukuru unaandika badala ya kupiga simu.

Barua yako ya chuo hii hapa, nimeiandika kwa moyo wote. Mwonyeshe mama yako, huenda akalegea. Habari za Kemia ni za zamani, mwanangu. Maji yakishamwagika hayazoleki. Wewe tazama mbele.

Bibi yako


13 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hali yako? Hapa si shwari.

Nilimwonyesha Mama ile barua. Alisoma vizuri hadi pale ulipoandika kwamba katika miaka yote uliyosimamia usaili hukumwacha anayestahili wala kumpokea asiyestahili. Akacheka, Bibi. Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Halafu akaketi sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, na kicheko kikageuka kilio.

Nilipombembeleza akasema maneno haya tu: "Mwandikie mama mkubwa. Mwambie anieleze Dobi alifia wapi."

Dobi ni nani? Bibi, naogopa. Usiniambie tena nitazame mbele.

Kasuku


19 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sitakuuliza hali, kwa sababu najua nitaiharibu. Nimewahi kuuguza miguu kama hii yangu, naijua safari yake na naujua mwisho wake. Kwa hiyo nasema sasa, nisije kuondoka nalo.

Mama yako hakushindwa Kemia. Alama zake zilikuwa safi kuliko zako. Hiyo Kemia niliitunga mimi, nikampa marehemu dada yangu, bibi yako mzaa mama, na mama yako akanyamaza ili asitugombanishe mimi na dada yangu.

Chuo chetu kilikuwa na usaili wa aina yake, nao niliubuni mimi. Waombaji walikaa kwenye benchi kwenye ukumbi wa nje. Mzee mmoja wa kufulia mashuka, tuliyemwita Dobi, alipita na kapu lake, kisha akajifanya kuishiwa nguvu na kuanguka. Sisi walimu tulichungulia kwenye pazia kuona nani atainuka na atafanya nini. Alama zilikuwa hapo. Maswali ya ndani yalikuwa mapambo tu. Dobi aliipenda kazi hiyo! Aligeuza macho mpaka mwalimu mwenzangu aliuma leso asicheke. "Leo nife kidogo au nife sana, Sista?" ndivyo alivyokuwa ananiuliza asubuhi.

Lakini siri ya watu wengi si siri. Ilivuja mjini, na mimi mwenyewe niliwahi kujisifia nayo mezani kwa dada yangu, mama yako akiwepo.

Siku ya mama yako Dobi alianguka, na wasichana walikuwa tayari wanajua mchezo. Wakamrukia. Mmoja alimpepea kwa faili. Mmoja alisali kwa sauti huku jicho likiwa mlangoni. Mmoja alimwinua kichwa akamnywesha maji. Mama yako peke yake alimtazama usoni, kisha akaja mbio akafungua mlango wetu bila kubisha. "Mama mkubwa, haigizi! Mdomo umeenda upande, mkono hauinuki!"

Wenzangu wakanigeukia. Hawakuwa wakijua kuwa ni mtoto wa dada yangu mpaka alipoliita lile jina. Nikaona aibu. Nikadhani anazidisha maigizo kwa kile alichokisikia kwangu, na kwamba watasema nimempa mtihani nyumbani. Nikamwambia mbele yao, "Rudi ukakae. Hapa tunapima utulivu." Akanivuta mkono. Nikaung'oa, nikafunga mlango na pazia.

Tulipotoka, Dobi alikuwa amekwisha kufa; upande mmoja ulikuwa umepooza na maji yalikuwa yameingia mapafuni. Alifia pale pale ukumbini. Tulikubaliana kuwaambia wanawe kwamba alianguka kwenye chumba cha kufulia, peke yake.

Mama yako nilimwandikia "hana utulivu". Yule aliyemnywesha maji nilimpa alama za juu kuliko wote.

Nimewaandikia wanawe Dobi. Nimekiandikia chuo pia, wakitaka jina langu walibandue ukutani. Ile barua niliyokuandikia usiipeleke. Mkono ulioiandika hauna haki ya kumdhamini mtu.

Bibi yako, kama bado utaniita hivyo


28 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hapo mwisho umeuliza kama nitakuita bibi. Kila nikipita mbele ya kioo naona pua yako, nasema, Mungu wangu.

Mama aliniambia nisome kwa sauti. Alikuwa anajua yote, isipokuwa jambo moja. Nilipofika kwenye alama za yule msichana wa maji, alinyanyuka akagonga kichwa kwenye taa. "Rudia." Nikarudia. "Za juu kuliko wote?" Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akatoka nje, akasimama kwenye kamba ya nguo, akawa anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Na wewe kuna jambo hulijui. Ulipomfukuza, hakurudi kukaa. Aliwasukuma wale wasichana, akamgeuza yule mzee ubavu, akawa anamfuta mate kwa gauni lake jipya la usaili, akimwambia watu wa machela wanakuja. Hakuna aliyekuwa amewaita. Anasema Dobi alimshika kidole kwa ule mkono mzima, na ulilegea kabla ya ninyi kufungua mlango.

Nilimuuliza kama ndiyo sababu hakutaka nisomee. Akasema, "Nilidhani wauguzi wote wako hivyo."

Jana nilirudi kutoka zahanati, ambako muuguzi wa chanjo amekubali kunidhamini. Nikaikuta fomu kwenye cherehani, chini ya mkasi, imesainiwa. Leo asubuhi nimeipeleka.

Sijui kama nimekusamehe, Bibi, na Mama hajatamka neno hilo, wala usilingojee. Ila amemuuliza jirani yako anayekuletea barua zetu ni nani anakuogesha, akaambiwa ni yule mtoto wa kazi, na kwamba mgongo umeanza vidonda. Akatukana kidogo. Kisha akakata mashuka mawili ya pamba laini, akayapinda kingo zote.

Tunakuja Jumamosi. Ameniagiza nikuulize, ujibu upesi: maji ya kuoga unapenda ya moto au ya vuguvugu?

Mjukuu wako,
Kasuku