Mbao za Mlango

Jumanne, Emali

Mwishowe nilizitumia zile mbao. Miaka yote hii zimekaa chini ya kitanda changu, zikingoja siku nitakaporudi shambani kwangu Bonde la Ufa, tulikofukuzwa, nitengeneze mlango.

Simbilisi wa mjukuu wangu, vile vinyama kama panya wanene wasio na mkia, wamezaana mpaka boksi haliwatoshi. "Baba, hizo mbao si zimelala tu?" binti yangu Ndunge aliniuliza asubuhi. "Ama unangoja zichipuke?" Nilicheka, nikainama kuzivuta.

Nimewajengea kizimba kirefu, wavu mbele, nyasi kavu ndani. Kazi safi, mikono bado inakumbuka. Wao wamejibana wote kwenye kona moja, nafasi ileile ya boksi. Nilikasirika kuliko inavyostahili kumkasirikia mnyama.

"Wape siku mbili, Baba, watazoea," Ndunge alisema.

Siku mbili. Mimi hapa kwake nimezeeka, na nguo zangu bado ziko kwenye begi.

Ulibaki ubao mmoja. Ndunge alitaka kuukatakata uwe kuni. Nimeurudisha chini ya kitanda. Mlango hautoki kwa ubao mmoja, najua. Mimi ni fundi.