Mikono Mitupu Hadi Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kaliminya goti, kaniuliza naishi ghorofa ya ngapi. Ya nne, nikasema. Lifti? Hakuna. Akashusha pumzi utadhani yeye ndiye anayepanda. Nisibebe ngazini kitu kizito kuliko mkate, basi. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni, akaidaka hiyo hewani. Njia nzima: Baba hamia kwangu, chumba kipo, nimeshakipaka rangi. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Sitaki.

Miaka ishirini na sita humu ndani. Meza ya jikoni niliisogeza dirishani kwa sababu mke wangu, Mungu amrehemu, alipenda kumenya viazi huku akitazama watu. Mimi bado namenyea hapohapo. Nikienda kwa binti nitakuwa mgeni anayeulizwa kama ameshiba.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kaniagizia vyakula kwa simu. Alitaka kunisaidia, namshukuru. Lakini nyanya — ngumu, upande mmoja kijani! Vitunguu vimeota. Nimepika katika jiko la hospitali miaka thelathini na moja, wagonjwa mia mbili kwa siku, na sikuwahi kupokea nyanya bila kuishika. Nikampigia. Kasema basi Baba tatizo si goti, ni ukaidi. Kakosea nusu tu.

Halafu akaongea kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha. Ameshazungumza na mwenye gari la kuhamisha vitu. Jumatatu, tarehe 17. Jumamosi kabla ya hapo atakuja jioni tule, tumalize maneno.

Kwa hiyo nina siku tisa za kumwonyesha kwamba najiweza.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimepona bila dawa.

Nilikwenda supamaketi nikachukua viazi vitatu. Mama wa kaunta, yule mnene mwenye miwani, akauliza vitatu vya nini, mzee wangu? Nikamweleza habari za goti na ngazi. Akashangaa. Mbona siku hizi unachagua mwenyewe, unalipa, mzigo unauacha hapahapa? Ukiwahi kabla ya saa sita, unaletewa siku hiyohiyo mpaka mlangoni. Nikadhani ananitania.

Nikarudi kwenye nyanya. Nikazishika moja moja, nikazigeuza, nikachukua za leo na za keshokutwa. Mafuta lita tatu! Mchele! Tangu goti lianze sijanunua kitu cha lita tatu. Wakavitia kwenye mifuko yao, wakaifunga, wakaipa namba. Samaki na maziwa kwenye sanduku la barafu. Nikasema mayai yakae juu. Mama akaandika kwa kalamu nene: MAYAI JUU. Nimempenda yule mama.

Nikarudi mikono mitupu, mfuko wangu umekunjwa kwapani. Mwalimu wa ghorofa ya pili akanionea huruma, pole jirani, umekuta wamefunga? Nikacheka peke yangu mpaka juu. Nimepumzika mara mbili tu.

Saa kumi kasoro, hodi. Msichana wa pikipiki, kofia bado kichwani, wala hahemi. Hakuna yai lililopasuka. Nimemshukuru mpaka akaona haya.

Jumanne, 11 Machi

Tena. Kila kitu sawasawa. Peasi nimezinusa zote, kuna mtu kanikodolea macho, shauri yake. Nashukuru. Basi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, nje ya mlango wangu mwenyewe, daftari langu la mfukoni juu ya goti lililo zima.

Ujinga wangu ni huu. Mke wangu alishona kamba kwenye mpini wa mfuko wetu wa soko, nifungie ufunguo, maana nilikuwa nausahau kila mahali. Miaka yote imenisaidia: mfuko ukiwa mkononi, ufunguo upo. Zile siku mbili mfuko nilirudi nao. Leo, kwa kuwa binti anakuja, nikataka mambo yapendeze. Nikawaambia tieni kwenye wangu, ni imara. Nikauacha kaunta kwa raha zangu, ufunguo unaning'inia. Nikaja kukumbuka hapa juu, natia mkono mfukoni mwa koti.

Ufunguo wa akiba upo. Ndani, kwenye msumari.

Nikampigia mama wa kaunta. Akacheka kwanza. Kisha akasema mzigo umeshatoka, nyumba sita, mimi wa tano, ngoja amwambie msichana anitangulize. Mungu amzidishie.

Lakini binti kamtangulia msichana. Alisema saa kumi na moja, kaja saa saba, eti anisaidie kupika. Nilikuwa nimeshatunga uongo: napunga upepo. Nilipouona uso wake nikasema kweli yote, hadi kamba.

Alisimama, mkono kiunoni, anahema kuliko mimi. Nikangoja niambiwe umeona sasa? Akakaa ngazi moja chini yangu, akavua viatu. Umekaa hapa muda gani, Baba? Saa nzima. Na goti? Limetulia, sikubeba kitu. Na wazo la kupiga simu dukani nani kakupa? Kichwa changu, nikasema, hicho hakina ugonjwa. Akaniangalia. Kisha tukacheka, tukacheka mpaka mwalimu akafungua mlango wake huko chini.

Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa hivi. Mtoto huyu ana haraka tangu kuzaliwa. Nashukuru hata kwa hofu yake. Ni mapenzi, najua, ila yana kelele.

Pikipiki imefika. Ameshuka peku mbiombio kuuwahi ufunguo. Nawasikia wanapanda, yeye na msichana. Wamesimama ghorofa ya pili, nadhani ni binti anayepumzika. Anamhoji mwenzake bila huruma. Mnapanda mpaka juu kweli? Hata mvua ikinyesha? Samaki haharibiki? Msichana anajibu taratibu, kila swali.

Sasa anauliza Jumanne huwa wanafika saa ngapi.

Jumanne. Gari la kuhama ni Jumatatu.