Nimeagizwa Nimfukuze Mama Mkwe kwenye Televisheni

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikijisimulia mambo haya huanza kwa kucheka na nikinyamaza machozi yananilenga. Wanasema mficha uchi hazai, ndiyo maana leo naweka yote wazi.

Mimi ni mke wa mtu, nina mtoto mmoja, na kwa kazi ni mwandishi wa tamthilia, au niseme najifunza kuwa mwandishi, kwa sababu katika kazi hii unaweza kujifunza mpaka ukaota mvi na bado ukaitwa chipukizi. Nilianza kwa kuandika filamu yangu mwenyewe, nikaipeleka kwa mtayarishaji mmoja, na ukurasa wa kwanza tu helikopta inatua juu ya ghorofa, mvua inanyesha, umati wa watu unakimbia, akanitazama juu ya miwani akaniuliza, "Dada, hiyo helikopta unayo nyumbani?" nikatoka na mswada wangu kwapani. Nikaandika mwingine usio na helikopta ukakataliwa, nikaandika mwingine ukapokelewa, lakini aliyeupokea akaacha kazi na hakuna aliyejua aliuweka wapi, mpaka siku moja nikaitwa kwenye chumba cha waandishi cha tamthilia inayorushwa kila wiki, tamthilia ambayo nyumbani kwetu ikianza hakuna anayethubutu kugusa rimoti. Mshauri, siku hiyo niliruka mpaka jirani akagonga ukuta.

Chumba chenyewe usidhani ni cha kifahari, ni meza moja ndefu, feni inayolalamika, na ukuta uliobandikwa vikaratasi vya rangi, kila kikaratasi onyesho moja, na mbele yake anakaa mkuu wa waandishi tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyokata kazi za watu. Kazi yangu ya kwanza aliisoma kwa sauti mbele ya wote, akaiweka chini akasema, "Humu watu wote wanaongea kama wanajibu mtihani. Hakuna anayeishi humu." Nikaandika tena akakata, nikaandika tena akakata, ikafika mahali hata nikimwandikia mhusika aseme "karibu" nalifuta mara tatu, na nilikuwa nimeshaamua nirudi dukani kuuza vifaa vya shule kama zamani.

Sasa hapo ndipo anapoingia mama mkwe wangu. Baba mkwe alipofariki, nyumba waliyokuwa wamepanga aliirudisha kwa mwenyewe, akaja kwetu na cherehani yake, akapewa chumba cha nyuma, na mpaka leo anashona kidogo kidogo kwa wateja wa mtaani, vipimo vyao vyote akiviweka kichwani. Si mtu mbaya, nasema kwa dhati, lakini ana ulimi. Hakugombezi, anakupitia pembeni. Ukichelewa kuamka utamsikia akimwambia mtoto, "Tembea taratibu mjukuu wangu, mama yako bado yuko safarini." Chumvi ikizidi atasema, "Leo mboga imekuja na bahari yake." Na kila akimaliza lazima aongeze, "Lakini mimi simo." Basi asubuhi moja tukiwa jikoni wawili tu, akaliona shati la mume wangu halina kifungo, akaliinua, akalitazama mbele na nyuma, akasema, "Mwanangu kaoa, shati lake ndilo bado kapera. Lakini mimi simo."

Niliondoka nimefura, nikafika kazini sina kitu cha kuandika, nikachukua maneno yale kama yalivyo nikayatia kinywani mwa mama mmoja wa kwenye tamthilia, mhusika mdogo tu ambaye mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kusema "bwana hayupo". Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkasi hakukata hata nukta. Akasema, "Huyu anaishi. Mwandike zaidi." Nikamwandika zaidi, kila wiki, na malighafi nilikuwa nayo nyumbani asubuhi na jioni, mpaka yule mama akawa ndiye mwenye tamthilia, watu wakampachika jina la Bi Simo, na siku hizi nikipita mtaani nasikia watoto wakigombana kwenye foleni ya maji wanaambiana "mimi simo!" huku wameshika kiuno.

Nyumbani nilisema kazi yangu ni kupanga ratiba za waigizaji. Ningesema nini? Mume wangu peke yake ndiye anayejua. Kila wiki tunakaa sebuleni, mama mkwe kwenye kiti chake, jirani wa mlango wa pili na kigoda chake, na mimi nyuma yao roho mkononi. Jirani aliwahi kusema, "Mbona huyu Bi Simo anaongea kama wewe?" mama mkwe akamjibu, "Mimi na yeye wapi na wapi? Mimi huwa sisemi kitu." Siku neno la shati kapera liliporushwa alisita, akageuka akanitazama, halafu akacheka kuliko wote mpaka akajifuta macho, nami nikamshukuru Mungu kwamba hakukumbuka. Tangu hapo, sijui ni umri, amezidi kusema. Nikikaa mezani na kompyuta anakuja kukaa karibu na ungo wake wa mchele, anatoa neno, akiona sikuinua kichwa analirudia kwa sauti zaidi. Mtoto akinisumbua anamchukua, anamwambia, "Mwache mama yako apange ratiba zake."

Sasa maji yamenifika shingoni. Msimu unaisha, na Mkasi ametangaza kwamba watazamaji wanataka Bi Simo akome, kwa hiyo kipindi cha mwisho mwanawe anamtoa nyumbani, mabegi yake barabarani, na mke wa mwanawe amesimama mlangoni ameshika komeo. Kipindi hicho amenipa mimi, niandike peke yangu, na kwa mara ya kwanza jina langu litatokea kwenye skrini, "Imeandikwa na," jambo nililoliota tangu enzi za helikopta. Nikikaa kuandika siwezi. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme, anasema, "Wewe andika, mama hana habari, na ukimwambia atasusa chakula, halafu nani atakayembembeleza? Mimi." Na tangazo limeshaanza kurushwa, "Je, Bi Simo atafukuzwa?" na mama mkwe siku hizi akiliona hacheki. Juzi nilikuwa nakunja nguo, akaja akasimama mlangoni, akaniuliza, "Eti huko kazini kwenu, yule mama anafukuzwa kweli na mwanawe?" Nikasema sijui, mama. Akasema, "Haya." Hakumalizia na lile neno lake. Jana nimekuta cherehani imefunikwa shuka, vitambaa vyake na nyuzi zake zote amezitia kwenye begi, eti anazuia vumbi.

Mshauri, niache kazi? Nijifanye mgonjwa onyesho hilo apewe mwingine? Au nifanye kama anavyosema mume wangu, niandike ninyamaze? Nampenda mama huyu, jamani, sikujua nampenda kiasi hiki mpaka nilipoambiwa nimfukuze.

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Kalamu

*

Mkwe Mwenye Kalamu,

Marahaba, mwanangu. Nimefika mwisho na nimecheka njiani, unisamehe, lile shati kapera limenimaliza. Na pole. Nakupa pole kwanza kwa sababu naona wazi una moyo mzuri na umechoka, na kazi uliyoichagua haina huruma na wanaoanza. Kukataliwa, kupotezewa mswada, kusomwa mbele za watu ukatamani ardhi ipasuke, yote hayo umeyapita na bado unaandika. Wengi huishia kwenye helikopta.

Sasa nikukemee kidogo. Wewe unayelipwa kusikiliza jinsi watu wanavyoongea, nyumbani kwako umeziba masikio kwa nini?

Mama mkwe wako anajua. Anajua tangu siku ya shati. Maneno aliyoyasema jikoni mkiwa wawili yamesikika kwenye televisheni, na wewe unadhani hakukumbuka? Mwanamke aliyepima viuno vya watu maisha yake yote bila kuandika popote, asahau alichosema kuhusu kifungo? Alisita, akakutazama, akaamua kucheka. Kuanzia hapo akaja na ungo wake wa mchele kukaa karibu na kompyuta yako. Neno usipolishika analirudia. Mtoto akikusumbua anamchukua. Huo si uzee, mwanangu. Mama huyo alikuwa kazini pamoja nawe, bila jina wala kiti kwenye ile meza ndefu, na alikuwa anafurahia. Ameficha siri yako vizuri kuliko wewe mwenyewe.

Ndiyo maana lile swali lake la mlangoni limenikata maini. Wewe ulidhani anakuuliza habari za televisheni. Alikuwa anakuuliza habari za chumba chake. Tazama mambo kwa macho yake: nyumba yake aliirudisha, mume hayupo, amebaki na mwanawe na mkwe anayechukua maneno ya nyumba hii kila wiki na kuyaweka hewani. Mpaka sasa kila kilichoonekana huko kilitokea kweli jikoni kwenu. Halafu linakuja tangazo kwamba mwana atamtoa mama yake nje na mkwe ameshika komeo. Wewe unaona onyesho, yeye anaona notisi. Akaja kukuuliza kwa adabu zote, ukamwambia hujui. Naye akaenda kufunga nyuzi zake.

Mumeo naye mwambie hivi kutoka kwangu: anatengeneza nyaya za watu wakati za nyumbani kwake zinatoa cheche. Mama "hana habari" wakati amefunga begi?

Na hapa nikuguse kwenye kazi yako, ingawa mimi si mwandishi, ni mtazamaji tu, na nakiri nami nilishangilia tangazo lile. Tunataka Bi Simo afukuzwe kwa sababu umetuonyesha ulimi wake peke yake. Yale maneno makali umeyabeba yote. Lakini mtoto kuchukuliwa ili mama yake afanye kazi, hilo sikumbuki kuliona kwenye skrini. Ungo wa mchele sijauona. Kuficha siri ya mkwe mbele ya jirani, hilo pia sijaliona. Uliyachukua yaliyokuudhi, yaliyokusaidia ukayaacha jikoni. Hiyo si haki kwake, na nadhani hata kwa tamthilia ni hasara.

Basi sikiliza. Kazi usiache. Umeitafuta kwa jasho, na duka la vifaa vya shule halijakukosa. Ugonjwa usijisingizie, kile ni chumba cha watu wanaotunga uongo kwa mshahara, watakugundua kabla hujakohoa mara ya pili. Na kunyamaza ndiko kulikokufikisha hapa, kwa hiyo ushauri wa mumeo tuuweke kando.

Leo hii, kabla ya chakula, nenda chumba cha nyuma. Kompyuta iache mezani. Keti kitandani kwake, na neno la kwanza lisiwe "samahani" wala "mimi ndiye ninayeandika", hilo analijua. Neno la kwanza liwe, "Mama, chumba hiki ni chako, hakuna wa kukutoa." Sema hilo, nyamaza, liingie. Mengine yafuate baadaye. Akikasirika ana haki, mwache akasirike. Akisusa, mpelekee sahani mlangoni uondoke, watu wa ulimi mkali hula vizuri wasipotazamwa.

Akishatulia, mwombe ruhusa. Hukuomba mwanzo, omba sasa. Akisema hapana, mrudishie Mkasi kipindi chake bila kutoa visingizio, jina lako litapata skrini nyingine. Lakini sidhani atasema hapana. Muulize hivi: mama, Bi Simo akisimama barabarani na mabegi yake, na mkwe ameshika komeo, atasema nini? Kisha kaa kimya umsikilize, safari hii ukiwa umeinua kichwa. Atakachosema kiandike, uende nacho kwa Mkasi. Usiende kumlalamikia, mpelekee kurasa. Huyo bwana umeniambia mwenyewe kwamba kitu kinachoishi hakikati. Pengine mlango utafungwa, pengine yule mkwe ataliachia komeo, hilo mtajua ninyi wenye vikaratasi vya rangi. Na siku ya kurushwa usikae nyuma yao roho mkononi. Hamisha kiti, kaa ubavuni kwake.

Limebaki moja. Lile begi usimwambie alifungue, atakuambia ni vumbi. Lile shati la mumeo, kwa jinsi ninavyokusoma, mpaka leo halina kifungo. Nenda nalo leo, likunjue juu ya cherehani, mwambie, "Mama, nifundishe." Atakupitia pembeni kwanza, vumilia. Halafu atalivuta begi alifungue mwenyewe, kwa sababu nyuzi zote zimo humo.