Pilau Bila Tarehe

Jumapili, 15 Machi

Mzee Kullow amethibitisha. Chakula cha mchana cha Idi, ukumbi mzima kule Harborne, wapishi ni sisi. Alhamdulillahi! Siku gani? Mwezi ukionekana Jumatano, ni Alhamisi. Usipoonekana, Ijumaa. Haya, panga kazi kwa tarehe hiyo! Tukiharibu hii oda, jiko tunafunga. Gurvinder, mwenzangu, aliacha kazi ya benki kwa ajili ya hili jiko.

Jumatatu, 16 Machi

Gurvinder na falsafa yake ya Kichina. Singasinga wa Kisumu, kafanya kozi ya jioni Edgbaston, sasa kila kitu ni wu wei: usilazimishe mambo, yaache yajilete. Ati mkakati mzuri hauna umbo, kama maji. Nikamwambia pilau ina umbo, tena ina mbuzi. Akacheka, akachora duara ubaoni. Nusu nyeusi, vinavyoweza kungoja: vitunguu vya kukaanga, bizari, nyama ndani ya mtindi. Nusu nyeupe, visivyoweza: mchele, kachumbari, moto wenyewe. Nyeupe haiguswi hadi mwezi utangazwe.

Kusema kweli, ni mpango mzuri. Sikumwambia. Atajiona.

Jumanne, 17 Machi

Vitunguu tayari. Nyama iko kwenye mtindi. Sahra, mkewe Kullow, kapiga simu — kuna wapishi wa Sutton Coldfield wako tayari kupika siku zote mbili, sisi je? Gurvinder akamwambia, mama, wasiwasi wa nini, sisi tunangoja kama mto. Mto unangoja? Lakini ametulia kweli huyu. Namwonea wivu.

Jumatano, 18 Machi

Mawingu tupu. Nimefuturu tende nimesimama. Kullow anasema wazee bado wanabishana msikitini: hawa wanafuata Saudia, wale wanataka mwezi wa macho yao.

Nimeingia jikoni. Mchele umelowekwa. Wote! Gurvinder kakaa juu ya gunia tupu, mikono inachuruzika maji. Na wu wei je? Akasema aliogopa. Basi, hivyo tu. Kimya kilimzidi, akajikuta ameshafungua bomba. Mchele huo usipopikwa leo utakatika-katika. Ukipikwa leo na Idi iwe Ijumaa, pilau itachacha, tumekwisha. Gunia jingine hatuna.

Hasira zikanipanda, halafu zikashuka. Na mimi nilikuwa nimekuja kuwasha moto. Kiberiti kiko mkononi.

Simu inaita. Kullow. Iko mezani katikati yetu. Gurvinder anaitazama. Mimi naandika.