Miguu Mipya ya Pikapu Yako

Fundi wangu,

Mie Khamis. Skuli nlitoka mapema, unajua, kuandika si kazi yangu. Lakini habari hii nlitaka kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ni wewe.

Pikapu imekwisha kutengenezwa.

Uliiacha juu ya magogo uani kwako, mbele haina kitu. Ile miguu ya gari kubwa uloinunua, ambayo kila tairi linapanda na kushuka peke yake, imelala kwenye turubali. Kushoto ushatia alama ya pa kuchomelea kwenye chasisi. Kulia bado. Msiba wako haujesha, kaka yako akasema gari liuzwe chuma chakavu. Mkeo, Bi Tatu, akajibu kutoka ndani: "Haliuzwi! Nkitoka eda nnarudi Jambiani kwenye mwani wangu, na gari nalitaka." Basi muda wangu ukawa ni huo wa eda, miezi minne na siku kumi.

Mie uani, yeye ndani, hatuonani. Akitaka neno anamtuma Asha, mwanao. "Mama anauliza, unafanya kazi au umelala huko chini?" Mie nagonga spana mara mbili kwenye chuma. Asha anarudi ndani: "Yu macho."

Kulia nkapima kwa kamba yako ya usumba wa nazi, kutoka tairi la nyuma, fundo hadi fundo, kama ulivyonionesha. Tepu ulikuwa huiamini. Nkachomelea, nkashusha gari.

Fundi, likawa linakwenda upande kama kaa.

Nliona haya hata kula sikula. Nkakaa juu ya ndoo asubuhi nzima nalitazama tu. Kushoto, nyuma ya tairi vidole vinne vinaingia. Kulia, viwili. Nkaitazama kamba msumarini. Bati la juu yake lina tundu. Imenyeshewa masika yote, imerudi! Wewe ulipima ikiwa nzima, mie nkapima imeshakuwa fupi. Nkacheka. Halafu nkalia kidogo, hapakuwa na mtu.

Nkakata, nkapima kwa tepu, unisamehe, nkachomelea upya.

Bi Tatu katoka eda Alkhamisi. Jumamosi tukenda Jambiani. Tukapakia mwani mbichi pwani, magunia yanachuruzika maji, gari limekaa chini kwa uzito. Kisha ile njia ya mawe ya kupandia kijijini. Pale pale ilipokuwa ikivunjika miguu ya zamani, nawe unateremka huku umejishika kichwa. Nkaukamata usukani kwa mikono miwili. Tairi la kulia likapanda jiwe, likashuka. La kushoto likapanda lake, likashuka. Sisi tumekaa sawa, kama tumo barazani.

Bi Tatu akaniuliza, "Asha kanambia ulichomelea mara mbili. Nani alokosea?"

Nkasema, mie, nlipima vibaya kwa kamba.

"Kamba ya Fundi? Wee Khamis! Si ndo alopimia kitanda changu cha harusi? Tukavunja mlango kukiingiza!"

Akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Tangu uondoke sijamsikia akicheka. Asha akaanza, na mie nkashindwa. Nkasimamisha gari hapo hapo juu ya mawe.

Juu kijijini wanawake wa mwani wakatuzunguka, wanauliza nani fundi wa gari hili. Bi Tatu akanigeukia mie. Wewe ndo ulokuwa ukinisemea siku zote. Nkasema, "Mie na Fundi Mcha." Nlisema kwa sauti, Fundi. Walisikia.

Nimemuahidi yeye, na wewe nakuahidi: kila bamvua, maji yakitoka mbali na wanawake wakivuna, gari litakuwepo pwani kabla maji hayajajaa, na mie ndo nnaendesha.

Lala salama. Ijumaa ntapita kaburini nkusomee dua. Mikono ntaikosha vizuri, lakini grisi haitotoka yote.

Khamis wako